Miaka Sabini na Sauti za Msituni

Ndugu wasomaji, mwezi wa Julai mwaka 2024 tulitimiza miaka sabini. Twalisema neno hili kwa hakika, maana limeandikwa katika kitabu cha ubatizo cha kanisa letu kwa wino uliokwisha kugeuka rangi ya kahawia, nasi kitabu hicho tumekiona kwa macho yetu. Wengi wa rika letu hawana bahati hiyo. Ukimwuliza mzee wa huku Bonde umri wake, atakuambia alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au mwaka nzige walipopita, au kwamba Uhuru ulipokuja yeye alikuwa tayari mtoto wa kuchunga mbuzi. Hesabu utaifanya mwenyewe. Marehemu mama yetu naye hakukijali sana kitabu. Yeye alisema tulizaliwa machungwa yakiiva, hata siku ya uchungu wake watu wote walikuwa shambani wakichuma, ikabidi mtoto wa jirani atumwe mbio kumwita mkunga. Kitabu na machungwa vyapatana, kwa kuwa huku kwetu Muheza mavuno ya machungwa huangukia miezi hiyo ya baridi. Tena ndio mwezi ule ule kilipozaliwa chama cha TANU, tarehe 7 Julai 1954, Mwalimu Nyerere akiwa angali akifundisha shuleni Pugu. Baba yetu alipenda kututania akisema tulikuja pamoja na siasa, ila siasa ilikua upesi kuliko sisi.

Kushika siku ya kuzaliwa si desturi tuliyoirithi. Wazee wetu walishika siku ya mtoto kupewa jina, siku ya kutoka jandoni, siku ya ndoa, na siku za matanga. Watoto wetu wameipata desturi hii shuleni na mjini, pamoja na keki yake na mishumaa yake. Hatuichukii. Twaona tu kwamba ni ajabu kidogo kumpongeza mtu kwa jambo ambalo kazi yake yote ilifanywa na mama yake.

Walakini miaka sabini si neno dogo. Zama zile tulipozaliwa, mtoto wa Tanganyika, kwa hesabu ya wataalamu, aliweza kutumaini yapata miaka arobaini na kidogo, maana wengi walikufa wachanga. Nyumbani kwa mama yetu tulizaliwa wanane, tukakua wanne. Darasani mwetu tulikuwa watoto thelathini na mmoja. Leo twajua saba walio hai, na mmoja wao hatujui kama atatutambua tukimwendea. Kila Mkristo aijua Zaburi ya tisini na hesabu yake ya miaka ya mwanadamu. Tulipokuwa vijana tuliisoma kama mtu asomavyo bei ya kitu asichotaka kununua. Sasa tumefika dukani.

Basi watoto wetu walifanya shauri bila kutuambia. Walitaka kukodi ukumbi mjini Tanga, pawe na muziki na mpiga picha, na jamaa wote wavae sare. Mama watoto wetu aliposikia habari ya sare alisema, “Sare ya nini? Mimi nina kanga zangu.” Nasi tukawaomba jambo jingine. Tuliwaambia, pilau ipikwe hapa hapa nyumbani Jumapili baada ya ibada, majirani wale; na fedha ya ukumbi tupeni sisi, tupande Amani siku tatu na mjukuu wetu wa pili, binti wa miaka kumi na mmoja. Mwanetu wa kwanza akasema, “Baba, milima hiyo umeiona maisha yako yote. Huko kuna kipya gani?” Hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Tulimwambia, twataka kwenda kutazama. Yeye ni mtu wa hesabu katika kazi yake, akaona safari ni nafuu kuliko ukumbi, akakubali.

Kwa wasomaji wa mbali twaeleza kidogo. Kutoka Muheza barabara yaenda upande wa machweo, yapita miembe na michungwa, kisha misitu ya misaji ya Longuza iliyopandwa kwa safu kama askari, ndipo yafika Sigi chini ya milima. Zamani Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hata Sigi kwa ajili ya kuteremsha mbao. Kutoka Sigi gari huanza kupanda kwa kupindapinda hata Amani, yapata mita 900 juu ya bahari, mahali ambapo mwaka 1902 Wajerumani hao walianzisha nyumba za utafiti wa mimea na mashamba ya kujaribia miti ya dunia nzima. Mingi ya miti hiyo ingali imesimama, mgeni juu ya mgeni. Msitu wa asili uliobaki kuizunguka ulipewa ulinzi wa serikali kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani mwaka 1997. Maji ya milima hiyo hukusanyika katika mto Sigi, nao watu wa Tanga mjini huyanywa. Mjini watu hufungua bomba wasikumbuke mlima, wala hatuwalaumu. Nasi huku hunywa chai bila kumkumbuka mchumaji.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa kupita kiasi. Mwezi wa Mei kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikaribia pwani yetu, mvua ikanyesha juu ya mvua. Hata mwezi wa Julai njia ilikuwa bado na makorongo, nalo gari lilipanda likilia kama ng’ombe aliyekwama. Mjukuu wetu alifurahi kila liliporuka. Sisi mifupa yetu haikufurahi.

Asubuhi ya kwanza tuliingia msituni pamoja na kijana mwongozaji, mwenyeji wa pale. Umande ulikuwa mwingi, na ukungu ulikaa kati ya vigogo kama moshi wa jiko la kuni nyumba isiyo na dirisha. Mwongozaji akatuonyesha msambu, mti wenye matunda mazito ya kahawia, makubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga, ambayo mbegu zake hutoa mafuta mazuri ya kupikia. Siku hizi watu wa vijiji vya huko huziokota na kuziuza. Akatuonyesha kinyonga mwenye pembe, naye akamtazama mjukuu wetu kwa jicho moja na sisi kwa jicho la pili, asijue nani wa kuogopwa.

Kisha tukafika penye mwamba ulioegemea kijito, umejaa kuvu ya kijani, na katika nyufa zake palikuwa na vimea vidogo vyenye majani ya manyoya, na maua ya rangi ya urujuani. Msichana akapiga magoti. Tukamweleza habari ya ua hili, kwa kuwa ni habari ya kwetu ambayo watoto wa kwetu hawaijui. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya hii ya Tanga, aliliona, akapeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu Hermann Wendland akaliandika na kulipa jina kwa heshima ya familia ile, Saintpaulia. Tangu siku hizo limeenea madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, lipo katika vyungu vidogo, limezalishwa hata likapata rangi nyeupe na waridi na maua ya kujikunja. Mabibi wazee wa huko hulimwagilia maji wakati wa theluji. Nalo asili yake ni hapa, mwamba wenye kivuli na maji, na mahali hapo palipobaki si pengi. Mjukuu wetu akauliza, “Babu, wao wanajua kwamba linatoka kwetu?” Tukamwambia wengine wajua. Akafikiri, akasema, “Na sisi wenyewe?” Mwongozaji akacheka, nasi pia.

Hapo penye mwamba ndipo tulipokaa kupumzika, na ndipo lilipotupata jambo ambalo ndilo hasa lililotufanya tushike kalamu.

Msitu ule twaujua tangu ujana. Tulipokuwa mwalimu mpya tulifundisha miaka sita katika shule moja ya huko juu, na kitu tulichokikumbuka kupita vyote ni kelele za nyenze. Jua lilipochomoza huanza mmoja, akajibiwa na wa pili, kisha msitu wote ukalia kwa sauti nyembamba kama msumeno usio na mwisho, hata mwalimu hulazimika kupaza sauti darasani. Basi tulikaa juu ya jiwe, jua limekwisha kupenya, tukaona kimya. Maji twayasikia. Mwongozaji akizungumza twamsikia. Lakini ule msumeno haupo. Tukamwuliza mtoto, “Nyenze wamekwenda wapi?” Akatutazama kama mtu anayedhani anataniwa. Akasema, “Babu, wanapiga kelele mpaka masikio yananiuma.”

Ndugu wasomaji, tulikaa juu ya jiwe lile kitambo.

Tulikuwa tumejua kwamba masikio yetu hayakuwa kama zamani. Mama watoto wetu amekuwa akituambia jambo mara mbili, na mara ya tatu kwa hasira. Lakini kujua kwamba umezeeka ni jambo moja, na kuambiwa na mtoto kwamba dunia inaimba hapo ulipo, nawe umetolewa nje, ni jambo jingine. Tena sisi tulikuwa mwalimu wa nyimbo. Zaidi ya miaka thelathini tumefundisha watoto sauti ya kwanza na ya pili na ya tatu na ya nne. Tuliweza kusimama mbele ya watoto sitini na kumnyoshea kidole yule mmoja aliyeshuka nusu ya daraja. Sikio ndilo lilikuwa jembe letu.

Tuliporudi bondeni tulikwenda kwa daktari wa masikio, naye akatupima na kutueleza vizuri, mpaka tukajiona tuko darasani tena. Ndani kabisa ya sikio, alisema, mna chumba kidogo kilichojipinda kama kombe la konokono, kimejaa maji, na ukutani mwake zimepangwa chembe zenye vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Sauti ikiingia, maji hutikisika, vinywele huinama, nazo chembe hupeleka habari kwenye ubongo. Chembe za mlangoni hupokea sauti nyembamba, na za ndani hupokea sauti nene. Kila sauti ya dunia hupita mlangoni, kwa hiyo, kwa namna ya kusema, pale ndipo panapochakaa kwanza, kama kizingiti cha nyumba. Mzee hupoteza nyenze, kisha ndege wadogo, kisha zile herufi nyembamba za mwanzo wa maneno, ndiyo maana husikia kwamba mtu amesema asisikie alichosema. Tukauliza kama chembe hizo huota tena. Akasema, kwa mwanadamu hapana. Kisha akaongeza jambo ambalo hatutalisahau: kwa ndege huota. Wataalamu waligundua katika miaka ya 1980 kwamba kifaranga akiharibiwa chembe za sikio, huotesha nyingine mpya, akasikia tena. Fikirini jambo hilo. Yule anayeimba amepewa sikio la kufanywa upya, na yule anayesikiliza hakupewa. Tulitoka kwa daktari tukiwaza hayo njia nzima, na mpaka leo hatujui kama tuone wivu au tucheke.

Yapo mashine madogo ya kuvaa sikioni, yasaidia kusikia maneno ya watu. Bei yake tumeiuliza. Tutasema habari hiyo baadaye.

Lakini tulikuwa bado na siku mbili za msituni, na baada ya jiwe lile hatukutaka kuzipoteza kwa huzuni. Tulianza kufanya kama mtu afanyavyo baada ya moto, huzunguka nyumba kuona kilichopona. Nacho kilikuwa kingi. Alfajiri ya siku ya pili mbega walinguruma bondeni. Msomaji asiyepata kuwasikia mbega asidhani wanalia kama nyani wengine. Ni ngurumo nene ya kooni, yaanza na dume mmoja, yapokewa na kundi la pili upande wa pili wa mto, kisha la tatu mbali zaidi, hata milima yote yajua nani amelala wapi. Sauti hiyo tuliisikia yote, haikupungua hata chembe. Baadaye tuliwaona, weusi wenye mabega meupe, wakikaa kimya wakila majani kama wazee barazani. Mmoja alikuwa na mtoto mweupe kabisa kifuani. Mbega huzaliwa mweupe, kisha hugeuka kwa miezi. Hawana kidole gumba cha kufaa, ila huruka kutoka mti hata mti kuliko sisi wenye vidole vyote.

Na hondohondo. Hapa twaomba ruhusa ya kukawia, maana tunampenda ndege huyu, na mabawa yake huvuma kwa sauti nene kama gari-moshi linalokuja, hata kiziwi nusu hutazama juu. Yule wa milimani kwetu ni mkubwa, mweusi mwenye tumbo jeupe, na dume ana kofia kubwa juu ya mdomo. Wakati wa kuatamia, jike huingia katika tundu la mti mkubwa, kisha huanza kuuziba mlango yeye mwenyewe kutoka ndani. Dume huteremka chini, humeza udongo, hurudi na kuutapika kama vidonge vidogo, jike huvipokea na kuvikandika kwa mdomo, hata mlango wabaki ufa mwembamba. Hukaa gerezani humo zaidi ya miezi mitatu, na muda huo wote dume humlisha kwa ufa ule. Huja na koo limejaa matunda, hulitoa tunda moja moja, humpa, hurudi tena. Mara nyingi kinda anayetoka ni mmoja tu. Maelfu ya matunda kwa kinda mmoja!

Tulipofundisha huko juu palikuwa na tundu la namna hiyo karibu na njia ya shule, nasi tulisimama hapo pamoja na watoto wakati wa mapumziko. Mtoto mmoja aliuliza, dume akifa itakuwaje? Tulinyamaza, akajibu mwenyewe: “Atavunja ukuta.” Hatujui kama alisema juu ya ndege au juu ya mama yake, maana baba yake alikuwa amefariki mwaka ule.

Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, ambaye alifika Amani mwaka 1928 kufanya kazi ya hesabu na ya maktaba, ndiye aliyeketi pamoja na mkewe na wasaidizi wenyeji kuzitazama tundu hizi siku baada ya siku na kuandika yote. Hakuwa mtaalamu wa ndege kwa cheo. Alikuwa karani aliyependa kutazama. Baadaye akawa mmoja wa wajuzi wakubwa wa ndege wa Afrika, na kuna ndege mdogo sana wa milima hii, wa rangi ya kijivu na mdomo mrefu, aliyeandikwa vitabuni mwaka 1931 kwa jina lake. Twawaambia walimu vijana neno hili kwa kuwa wengi hutuambia hawana vyombo vya kufundishia. Karani huyu alikuwa na daftari na macho.

Tusimfanye hondohondo malaika, hata hivyo. Mwongozaji alituonyesha msizi, mti uliopandwa huku baada ya kuletwa kutoka nchi za magharibi, pande za Uganda na Bukoba. Hukua upesi mno, nao umeenea ndani ya msitu wa asili na kuisonga miti ya wenyewe. Nani ameueneza? Hondohondo, ambaye huyapenda matunda yake kupita kiasi na kuzitapika mbegu popote anapotua. Ndege yule yule apandaye msitu aupandia pia adui. Mwongozaji alisema hayo bila chuki, kama mtu anayemsimulia shangazi yake mlevi.

Jioni ya mwisho mjukuu wetu alitoa daftari. Alikuwa ameandika majina ya vyote tulivyovisikia, na pembeni ya kila jina ameweka alama: msalaba kama babu amesikia, duara kama babu hakusikia. Hatukumwagiza. Tulitazama ukurasa ule wa misalaba na maduara, tukaona ni cheti cha afya kilicho bora kuliko cha daktari. Misalaba ilikuwa kumi na tisa, maduara kumi na mawili.

Tuliporudi nyumbani, mwanetu wa mwisho, kijana wa mambo ya simu, aliliona daftari hilo. Hakusema kitu. Kesho yake alfajiri alituita uani. Katika simu yake palikuwa na programu inayochora sauti: ndege akiimba, mstari hupanda na kushuka juu ya kioo kama nyayo za kuku juu ya mchanga. Juu ya mchungwa alikuwapo chozi, ndege mdogo wa kunyonya maua. Mdomo wake twauona ukifunguka, hatusikii neno. Lakini kiooni zikapita alama ndogo, za haraka, juu kabisa, safu kwa safu. Sisi tuliofundisha nyimbo kwa miaka hiyo yote twajua kusoma sauti iliyoandikwa. Tulisimama uani na msuli na fulana, tukisoma wimbo wa chozi kama mtu asomavyo barua ya ndugu aliye ng’ambo, na tuwaambie kweli, machozi yalitutoka. Mama watoto wetu alitoka jikoni akauliza nani amekufa.

Sasa habari ya mvule.

Nyuma ya nyumba yetu, penye mpaka wa shamba, umesimama mvule ambao baba yetu aliukuta ukiwa mti wa kutosha kivuli. Watu watatu wakishikana mikono hawauzungushi. Mvule una dume na jike, na huu wetu ni jike. Wakati wa matunda popo huja usiku kwa makundi, hula, na kuzichukua mbegu mbali. Usiku ule mti wote hupigwa mabawa. Ni mti wa thamani kubwa kwa mbao, hauliwi na mchwa upesi, na mafundi huuheshimu ila kwa jambo moja: ndani ya kigogo chake mara nyingine mna jiwe, jiwe kweli, gumu, lililotengenezwa na mti wenyewe, nalo huvunja meno ya msumeno. Wataalamu wamegundua kwamba mvule huigeuza hewa chafu tunayoitoa puani ikawa chokaa, ndani yake na katika udongo uliouzunguka.

Baada ya sherehe ya pilau alikuja mnunuzi wa mbao. Alitaja fedha. Ni fedha ya kununua mashine za masikio yote mawili, na kuezeka upya, na kulipa ada na mahitaji ya wajukuu wawili wanaokwenda shule ya bweni. Sheria yataka kibali cha idara ya misitu hata kama mti u shambani mwako, lakini mnunuzi alisema kibali ni juu yake. Watoto wetu wakakaa na kushauriana. Twataka kusema kwa haki kwamba hawakuongozwa na tamaa. Mwanetu wa kwanza alisema, “Baba, mti huu hautakusikia wala wewe hutausikia. Mashine utawasikia wajukuu.” Hilo ni neno zito, nasi hatulidharau. Binti yetu wa tatu alisema kinyume. Alisema nyumba ya nyasi mpya na uwanja mtupu ni nyumba ya mgeni. Wakabishana hata saa nne usiku.

Sisi tulifanya hesabu yetu peke yetu. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12 na kidogo katika nchi hii. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 61. Tulipokuwa vijana, kutoka kijiji chetu hata mto palikuwa na mivule tusiyoihesabu. Leo twaihesabu: minne. Wa jirani wa kaskazini umekwisha kupigwa alama ya shoka. Ukiuondoa wa jike, popo watakuja kwa nani?

Basi tuliwajibu watoto hivi. Mashine tutanunua moja, ya sikio la kulia, kwa fedha ya machungwa ya miaka miwili, na mama watoto wetu ataendelea kusema mara mbili upande wa kushoto, amezoea. Bati litatiwa viraka. Ada ya wajukuu ndiyo iliyotushinda hesabu. Tumeuza mbuzi watano, haikutosha, na kaka zake wamejazia. Mwanetu wa kwanza hajaridhika. Amesema kwa adabu kwamba sisi tukiondoka shauri litafunguliwa upya, na hilo ni kweli, wala hatuwezi kulizuia tukiwa kaburini. Tumemwomba jambo moja tu, kwamba wakati wa matunda aje na watoto wake alale hapa usiku mmoja, uani, bila taa. Amesema atakuja.

Mjukuu wetu angali akiandika. Likizo iliyopita daftari lilifika sauti ya hamsini na nne. Mashine ya sikio imeyageuza maduara mawili kuwa misalaba, la jogoo mdogo wa jirani na la mluzi wa birika. Nyenze bado ni duara. Mnunuzi wa mbao alipita tena mwezi uliopita, akautazama mvule kutoka njiani, akatusalimu kwa sauti kubwa kama watu wafanyavyo na viziwi. Amesema atarudi baada ya masika. Tumemwambia karibu, atatukuta.